Mgongo Ambao Sikuuandika

6 Oktoba

Daktari kijana wa hospitali amenisikiliza moyo, akavitundika vifaa vyake shingoni, akaanza kunieleza habari za chumvi. Nilimwacha amalize. Nimekuwa tabibu miaka thelathini na minne, najua mtu anapozungumzia chumvi huwa anakwepa kuzungumzia nini. Moyo umepanuka. Maji yamejaa miguuni na sasa yanapanda mapafuni. Msimu huu wa korosho nitauona. Unaofuata sitauona.

Nimemwagiza Amna daftari hili dukani. Kwa miaka mingi niliandika mambo yasivyokuwa, tena kwa mwandiko mzuri. Siku hizi chache nataka kuyaandika yalivyo.

7 Oktoba

Anayenijua aruke hapa. Jina langu ni Ladislaus. Nilizaliwa Mbinga, serikali ikanileta Nachingwea mwaka 1972 niwe tabibu wa zahanati, nikastaafu mwaka 2006 na sikurudi kwetu. Mke wangu Makrina alifariki miaka sita iliyopita. Binti yetu Valentina ni mwalimu Dar es Salaam, hupiga simu kila Jumapili. Wanaoniangalia ni Habibu na mkewe Amna, wenyeji wa hapa, wanaoishi kwenye vyumba vya uani. Habibu ana miaka thelathini na minane. Ni mbeba magunia katika ghala la korosho lililo nyuma ya kiwanja cha ndege.

Siwezi kulala chali, nikilala chali nazama. Usiku nakaa nimeegemea mito, na asubuhi Habibu huniinua na kunipeleka kwenye kiti cha barazani kabla hajaenda kazini.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Shika shingo hapo. Ah! Leo umeongezeka, au ni maji?"

"Ni maji."

"Basi wewe na korosho mbichi ni mamoja. Mkulima anafurahia kilo, kumbe anauza unyevu."

Kila siku, mimi ndiye gunia lake la kwanza.

11 Oktoba

Mnada wa kwanza umefanyika. Malori yameanza kupita. Joto.

16 Oktoba

Nimekaa barazani namtazama Habibu akienda bombani. Ndala ya mguu wa kushoto imemtoka mara mbili kwa hatua zisizozidi ishirini. Aliirudia, akaivaa, ikamtoka tena.

"Mguu huo vipi?"

"Ndala imechoka, Daktari."

"Ndala mpya hiyo."

"Basi mguu ndio umezeeka," akacheka.

Amna akadakia kutoka jikoni, "Mwambie na ganzi!"

"Wewe mwanamke, pika chai."

Nimemuuliza ganzi inaanzia wapi. Akaifuata kwa kidole: kiunoni, nyuma ya paja, ubavuni mwa mguu, hadi kidole gumba. Njia hiyo naijua kuliko ninavyoijua barabara ya Ruangwa.

20 Oktoba

Jumapili. Timu ya Namungo inacheza, redio ya Habibu inasikika mtaa mzima. Valentina kapiga simu. Nimemwambia sijambo.

25 Oktoba

Habibu amerudi na habari, anaisimulia kama kichekesho. Ghala linahitaji wapima ubora wapya. Mpima ubora hukaa mezani na kisu kidogo, anakata korosho za sampuli mojamoja, anatenga nzima na mbovu, anaandika. Habibu ana cheti cha kidato cha nne, na kila mtu anajua akiingiza mkono kwenye gunia anaweza kusema ina unyevu kiasi gani, kwa hiyo wamemtaja yeye. Mafunzo ni wiki mbili, Mtwara, kuanzia tarehe 18 Novemba.

"Utakwenda?"

"Daktari! Mimi nikae mezani nakata korosho kama mwali? Na bega nimwachie nani katikati ya msimu?"

Bega ndivyo wanavyoita nafasi katika kikosi. Yapo mabega kumi na sita pale ghalani na hayatangazwi popote. Mtu akizeeka au akiumia, bega lake huenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kama mambo mengine ya Wamwera yanavyokwenda. Habibu alilipata la mjomba wake, Kaimu. Lakini anayeondoka msimu haujaisha, bega linatoka kwake na kwa ukoo wake, na halirudi.

"Na huo mgongo?"

"Kazi hii haijawahi kumvunja mtu mgongo. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unatutibu, unajua. Au unamfikiria mjomba? Mjomba alirogwa."

Nikanywa chai yangu.

26 Oktoba

Niandike sasa, kwa kuwa jana nilikuwa na nafasi ya kusema nikanywa chai.

Msimu wa mwaka 2004 Kaimu alinijia mara saba. Wabeba magunia wote walinijia. Alfajiri walipanga mstari nje ya zahanati kabla geti la ghala halijafunguliwa, na mimi niliwachoma sindano mbili, moja ya maumivu na nyingine nyekundu ya vitamini. Ile nyekundu haikuwasaidia kitu, ila waliipenda rangi yake. Baada ya robo saa mtu aliyeingia ameinama alitoka amenyooka. Waliniita Daktari wa Msimu. Nilikuwa mgeni wa kutoka mkoa mwingine, nisiyejua Kimwera, na nilipopita sokoni wanaume walisimama kunisalimu. Hakuna aliyenihonga. Nilipenda kupendwa, basi.

Walikuwa na ombi moja tu: nisiandike mgongo. Nyapara wa kikosi alikuwa anakagua kadi, na kadi yenye neno mgongo ilimtoa mtu begani siku hiyohiyo. Kwa hiyo niliandika malaria. Malaria haimfukuzi mtu kazi. Kwa miaka zaidi ya ishirini rejesta yangu ilionyesha kwamba wabeba magunia wa Nachingwea huugua mno malaria kuanzia Oktoba hadi mvua za kwanza, kipindi ambacho mbu hawapo na visima vimekauka. Wakaguzi walikuja, wakasaini, wakaondoka.

Mara ya tano Kaimu aliniambia hausikii mguu. Mara ya sita aliniambia karani wa mizani anastaafu na ghala limempa yeye nafasi hiyo, kazi ya kusimama na kalamu. Akaniuliza, "Daktari, nihamie mizani, au mgongo huu utapona?" Jibu nililijua. Lakini nikimjibu kweli ningelazimika kumwandikia rufaa, na kwenye rufaa ningeandika mgongo, na huko aendako mtu angefungua kumbukumbu zake akakuta malaria tano. Nikamwambia, "Utapona. Ni uchovu." Nikamchoma. Mizani akapewa mwingine.

Mara ya saba aliletwa kwa mkokoteni. Hawezi kukojoa, miguu yote miwili imekufa.

Ndugu zake walitaka kujua kimemsibu nini. Kadi ilisema malaria. Malaria huua au hupona, haimkati mtu kiunoni ikamwacha mzima huku juu. Basi lazima kulikuwa na mkono wa mtu, na mtu huyo wakampata ndani ya nyumba: mkewe, Zuleha, ambaye hakuwa na mtoto na alikuwa na ulimi mkali. Wakasema kachukua mchanga wa unyayo wa mumewe akauzika. Walimfukuza mchana watu wakitazama, akaenda kwa kaka yake Mbwemkuru. Habibu alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyeng'oa mlango wa chumba cha Zuleha.

Kaimu aliishi miaka minne zaidi bila mkewe, akafa kwa vidonda vya kulala. Nilikuwa nakwenda kuvisafisha mwenyewe kila Ijumaa. Ukoo mzima ulinishukuru.

27 Oktoba

Sikulala. Leo sina la kuandika.

2 Novemba

Asubuhi Habibu aliinama kuniinua, akabaki vilevile ameinama, jasho linamtoka.

"Daktari, si ulikuwa na zile sindano zako?"

"Nimestaafu."

"Mkono nao umestaafu?"

Nikaandika kwenye karatasi. Amna akaenda duka la dawa, ambako bado wanaujua mwandiko wangu. Nimemchoma. Mkono unaotetemeka hata kwa kijiko haukutetemeka na sindano. Robo saa baadaye alinibeba hadi barazani huku akiimba.

6 Novemba

Nimemchoma.

9 Novemba

Nimemchoma. Ameomba na ile nyekundu. Nikamwambia haina kazi. "Mjomba alikuwa anaisifia," akasema. Nikamchoma na nyekundu.

12 Novemba

Padre Ignasi ameniletea Komunyo. Nimemwomba anisikilize maungamo, nikamweleza yote, tangu foleni ya alfajiri hadi ile sindano ya Jumamosi. Akasema, "Msamaha wa Mungu nimekupa. Lakini mimi sibebi magunia, Mzee Ladislaus. Nenda kamwambie anayebeba."

Nikamwambia siwezi kwenda popote.

"Anakuja kwako kila asubuhi," akasema, akachukua kofia yake.

15 Novemba

Nimemchoma. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Amechelewa, lori linangoja.

17 Novemba

Basi la Mtwara linaondoka kesho asubuhi. Jina lake bado liko kwenye orodha, Amna ameuliza ghalani.

Maneno nilikuwa nimeyatayarisha tangu adhuhuri. Habibu alikuja jioni na wembe kunikata kucha za miguu, kwani mimi siwezi kuinama. Aliuweka mguu wangu uliovimba juu ya paja lake. Aliushika kama anavyoshika yai. Tulikuwa wawili tu.

Niandike bila kuremba. Nilimtazama utosini, nikafikiri: nikisema, nani ataniinua kesho? Atakwenda Mtwara, au atanichukia, na vyovyote vile nitabaki kwenye mito hii nikiumaliza mwezi kwa harufu yangu mwenyewe. Nilijua mguu wake umefika wapi. Nilijua siku zilizobaki kama nilivyozijua za Kaimu. Nikayaweka hayo upande mmoja, nikaweka kiti changu cha barazani upande wa pili, na kiti kikawa kizito zaidi.

"Hiyo ya kushoto, taratibu," nikasema. Ndiyo maneno yangu yote ya leo.

18 Novemba

Basi limeondoka. Habibu yuko ghalani.

21 Novemba

Mvua ya kwanza. Ilinyesha saa mbili mfululizo, bati likanguruma hadi sikusikia pumzi yangu. Mvua ikianza, korosho zilizobaki vijijini zinashushwa zote kwa pamoja, na zilizo ghalani zinatakiwa zitoke kabla hazijaingia ukungu. Habibu amerudi saa tatu usiku. Amna anamvua ndala miguuni kama mtoto.

22 Novemba

Mvua. Nimemchoma.

23 Novemba

Mvua. Nimemchoma.

24 Novemba

Nimechoka sana lakini hili sitaliacha hadi kesho.

Habibu alirudi saa saba mchana, amelowa, anatembea kama mtu aliye kwenye matope ingawa uani ni saruji. Amna akamketisha kwenye mkeka mbele yangu, amvue shati lililolowa. Mara akapiga kelele.

"Habibu! Umekalia kisu!"

Kisu cha mboga kilikuwa chini yake, kimemchana. Damu ilikuwa kwenye mkeka. Habibu aliitazama damu ile kama ya mtu mwingine.

"Sijasikia," akasema.

Amna akanigeukia, akashusha sauti kwa aibu. "Babu, tangu asubuhi hajaenda haja ndogo. Anasimama tu, haitoki."

"Nichome, Daktari," Habibu akasema. "Yamebaki malori matatu. Imrani ananingoja." Imrani ndiye nyapara wao.

"Sikuchomi."

"Kwa nini? Jana umenichoma."

"Kaimu hakurogwa."

"Daktari, tuyaache hayo, mimi nina haraka."

"Kaimu alivunjwa na magunia. Alikuwa hivihivi ulivyo leo. Mguu, kisha ganzi ya makalio, kisha mkojo. Nilijua ni mgongo tangu siku ya kwanza, nikawa namchoma arudi kazini."

Akacheka kidogo, kama anavyocheka ninapokosea tarehe. "Kadi ilisema malaria."

"Kadi niliiandika mimi."

"Mara ngapi?"

"Saba."

Mvua ilikuwa inanyesha. Amna alikuwa ameshika shati mkononi, maji yanachuruzika kwenye sakafu.

"Aliniuliza kama ahamie mizani," nikasema. "Nikamwambia atapona."

"Na mke wa mjomba?"

"Hakufanya kitu."

"Mlango wake niliung'oa mimi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Pale. Nilisimama na mkoba wangu."

Alijaribu kuinuka. Nilidhani anataka kunipiga, na nilitaka anipige. Mguu wa kushoto ukakunjika, akaanguka kwa magoti mbele ya kiti changu, uso wake ukiwa karibu na wangu. Aliyesema ni Amna, na hakusema kwa adabu.

"Mtagombana mkishamaliza! Wewe mzee, huu mguu unatibika au hautibiki?"

"Akipasuliwa upesi, huenda. Kila siku inayopita inapunguza."

"Basi andika!"

Nimeandika rufaa kwa mkono wangu, kurasa mbili, kwa neno lake halisi: mgongo, mishipa ya fahamu imebanwa, rufaa ya haraka. Nikaandika na sindano nilizompa mimi, tarehe zote. Nimempigia Valentina atafute hospitali itakayompokea. Imrani alikuja kumfuata mbeba magunia wake akakuta mgonjwa. Nasema haki yake: hakuuliza kuhusu kadi. Alimwinua yeye na dereva, wakamweka mbele kwenye lori la korosho linaloelekea Mtwara. Amna akapanda naye.

Habibu hakunitazama alipokuwa anapita.

25 Novemba

Leo hakuna aliyeniinua. Jirani yetu Ashura ameniletea uji saa tano. Nimejilowesha.

29 Novemba

Valentina amepiga simu: amepasuliwa jana. Siku nne baada ya kuondoka hapa. Nilipokuwa kazini nilikuwa nawaambia wanafunzi wa uuguzi kwamba jambo hili lina saa zake, na nilikuwa nawatajia saa hizo: arobaini na nane, zisizidi.

"Baba, ni kweli ulichoandika kwenye ile rufaa?"

"Ni kweli."

Simu ikakatika, sijui ni salio au ni yeye.

5 Desemba

Mvua. Maji yamefika mbavuni. Ashura anakuja mara mbili kwa siku, ananigeuza kama anavyogeuza mhogo juani.

10 Desemba

Wamerudi. Nimemwona kupitia dirishani akishuka kwenye bajaji. Ana magongo mawili. Mguu wa kulia unamchukua, wa kushoto unaburuta chini kuanzia kwenye kifundo. Mkojo umerudi. Amna ndiye aliyeniambia, akiwa amesimama mlangoni. Daktari amesema asiinue kitu chochote kizidicho ndoo ya maji, maisha yake yote.

Habibu hakuingia chumbani kwangu. Nasikia magongo yake uani.

11 Desemba

Amna analeta uji, anaweka, anaondoka. Haniiti tena Babu. Ananiosha vizuri kama zamani, maji ya uvuguvugu, hasahau mahali, na haniangalii usoni.

12 Desemba

Asubuhi Habibu amepanda gari la Ruangwa, peke yake, na magongo yake. Amna amelia akimkataza. Nimejua anakokwenda: Mbwemkuru.

14 Desemba

Zuleha amekuja.

Nilimkumbuka mwanamke mrefu. Aliyeingia ni mfupi, ana mvi, amefunga kanga mbili na ana makunyanzi ya mtu aliyelima peke yake. Hakunisalimu na sikutegemea. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Sema."

Nikasema. Nilivuta pumzi kila baada ya maneno manne, ikachukua muda mrefu. Alinisikiliza bila kuketi.

"Ulijua lini?"

"Tangu aliponijia."

"Siku wananifukuza ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikuona. Nikasema moyoni, yule mwenye mkoba ni msomi, yule atawaambia." Aliketi kwenye sanduku la Makrina. Akaomba maji, Amna akamletea, akanywa yote. "Watoto wa kaka yangu walikuwa hawali nilichopika. Miaka ishirini nimepika chungu changu peke yangu. Kaimu alipokufa nilisikia kwa muuza samaki."

Nikaanza kusema neno la kuomba msamaha. Akainua mkono.

"Hilo kaa nalo."

Alitoka. Nilidhani ameondoka. Baada ya nusu saa akarudi na mzee mmoja wa ukoo wa Kaimu, ninayemjua, aliyekuwa wa kwanza kutamka neno uchawi siku ile. Akamwonyesha aketi.

"Sema tena. Huyu alikuwepo."

15 Desemba

Amewaleta watatu. Nimesema mara tatu, kwa kuwa hawakuja pamoja. Mmoja alisema tuyaache, ni ya zamani. Zuleha akamwambia, "Ya zamani kwako. Kaa."

16 Desemba

Wawili. Wa pili alikuwa dada yake Kaimu, mama yake Habibu. Nilipofika kwenye mizani alijifunika uso kwa kanga. Zuleha hakumbembeleza, lakini alimngoja hadi akaweza kusimama.

17 Desemba

Pumzi hakuna. Hakuleta mtu. Alikaa tu kwenye sanduku, akachambua mchele wa Amna.

19 Desemba

Mmoja, kutoka kijiji cha Mtua. Amesafiri kwa baiskeli kwenye mvua ili anisikie. Nilisema kwa sauti ndogo akasogeza sikio hadi mdomoni mwangu.

Habibu alikuwa nje ya dirisha. Magongo yaliacha kugonga nilipoanza, yakaendelea nilipomaliza.

20 Desemba

Mwandiko huu ni wa Amna kuanzia mstari wa pili. Mkono wangu umekataa. Nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze.

Leo Imrani amekuja, na nyuma yake Yunusi, mtoto wa dada yake Habibu, ana miaka ishirini na mbili, mabega mapana. Zuleha alikuwa mahali pake.

"Shikamoo Daktari," akasema Imrani. "Tumekuja kwa habari ya bega. Msimu una wiki tatu bado na nafasi iko wazi. Ni ya huyu, kwa utaratibu. Tumemwomba Habibu amkabidhi, kasema tuanzie kwako."

Nikasema. Yunusi alisikiliza akiwa amesimama, akitazama miguu yangu iliyovimba, kisha akatazama dirishani aliko mjomba wake.

"Sasa, Babu," akasema, "mimi nifanye kazi gani?"

Nilitazama mabega yake.

"Ile ya kukata korosho wanataka cheti cha kidato cha nne," akaendelea. "Anko Habibu wamesema atapata nafasi Januari, kama ataweza kukaa. Mimi niliishia la saba. Nikachimbe dhahabu mashimoni Namungo? Huko nako si ni mgongo huohuo?"

"Ni mgongo huohuo."

"Kwa hiyo?"

"Sijui, mjukuu wangu."

Amna aliacha kuandika hapa, nikamwambia aandike. Sijui. Nilipokuwa na kalamu, na rejesta, na watu mia mbili wa kuandikia neno moja la kweli, ningeliandika, huenda leo kungekuwa na mtu anayejua.

Yunusi alijikuna shingo. "Mimi silichukui hilo bega," akasema. Hakusema kwa ushujaa. Alisema kama mtu anayekataa chakula akiwa na njaa.

Imrani akavuta pumzi. "Haya. Mimi sikulazimishi. Wapo ishirini nje ya geti tangu alfajiri. Jumatatu mmoja wao atakuwa ndani."

"Mlete," akasema Zuleha.

"Nani?"

"Huyo wa Jumatatu. Mlete hapa kwanza, asikie, kabla hajabeba."

Imrani alinitazama, pumzi yangu, vidole vyangu vilivyogeuka rangi. Ameona wagonjwa. Akamwinamia Zuleha akamnong'oneza, lakini masikio yangu bado ni mazima.

"Mama, huyu atafika Jumatatu kweli?"

"Atafika," akasema Zuleha, akamwambia Amna alete mto mwingine.